Nani Alipie Uji wa Mtoto wa Miaka Mitatu?

Kuna jambo katika kliniki ya watoto ambalo sisi wauguzi tumelizoea hata hatulishangai tena. Mtoto akizaliwa, mama humleta kila mwezi. Mtoto hupimwa uzito, huchanjwa, nukta huwekwa kwenye kadi, na mama huondoka akiwa na furaha. Akifikisha miezi 18 hupata chanjo ya pili ya surua na rubela. Baada ya hapo akina mama wengi hutuaga. Kadi huwekwa chini ya godoro, na mtoto tunamwona tena akiwa na malaria, au miguu imevimba kwa utapiamlo, au hatumwoni kabisa mpaka siku atakapopita barabarani amevaa sare ya shule.

Kati ya miezi 18 na miaka mitano mtoto huyu yuko wapi? Nani anamlisha saa nne asubuhi? Hapa Masumbwe wenye bahati wako kwa bibi. Wengine wako na dada yao wa miaka minane au tisa, ambaye kwa sababu hiyo haendi shule vizuri. Na wengine wako mgongoni mwa mama, au wamelazwa juu ya turubai kando ya karasha, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa na vumbi linaporuka mchana kutwa.

Nataka tuzungumze juu ya watoto wa umri huo, na juu ya fedha. Najua kuwa ukurasa huu ni wa afya na si wa uchumi, lakini nimefika mahali ambapo siwezi tena kuutenganisha uji na fedha ya kuununulia.

Siku moja alikuja mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka miwili na miezi minane. Mtoto alikuwa na kilo kumi tu, na nukta yake kwenye kadi iliangukia katika rangi ya kijivu. Hakuwa na homa wala kuhara. Alikuwa mnyonge, hakucheza, alikaa tu akitazama. Nikamfundisha mama kama nilivyofundisha mamia kabla yake: uji mzito wenye karanga na dagaa waliosagwa, mboga za majani, yai likipatikana, na chakula mara tano kwa siku, kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo na halibebi chakula cha kutwa kwa mara moja. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Nesi, nani atampa hizo mara tano?" Yeye huondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwenda mwaloni kuponda mawe na kurudi jioni. Nikamshauri ampeleke mtoto chekechea. Akacheka kidogo, si kwa dharau, akasema ada ya mwezi mmoja ni chakula cha nyumba nzima kwa juma.

Mama yule hakukosa elimu ya lishe. Alikosa mtu wa kukaa na mtoto wake.

Sasa tumtazame mwenye chekechea, maana huyu naye hulaumiwa sana. Wazazi husema ana tamaa ya fedha na uji wake ni maji. Tufanye hesabu ya mfano. Kituo kina watoto 30, na ada ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa daftari ni shilingi 450,000. Lakini huku kwetu fedha ya wazazi inategemea duara. Duara likitoa, watu wanalipa na kuongeza. Lisipotoa, utaambiwa "subiri kidogo, mawe yako kwenye karasha." Na ikisikika kuwa kuna rashi mpya mahali fulani, familia tano zinaweza kuhama usiku mmoja pamoja na deni lao. Basi tuseme mwezi huo wamelipa 18, yaani shilingi 270,000. Wasaidizi wawili wanapata shilingi 80,000 kila mmoja, ambayo ni malipo ya aibu kwa mtu anayelea watoto 15. Kodi ya nyumba ni 50,000. Zinabaki 60,000 za unga, sukari, kuni, maji na sabuni kwa watoto 30 kwa siku 22 za kazi. Ukigawanya unapata shilingi 91 kwa mtoto mmoja kwa siku, na mwenye kituo bado hajajilipa hata senti. Hapo uji usipokuwa maji utakuwa nini?

Atafanya mojawapo ya mambo mawili. Atapandisha ada, na watoto wa akina mama wa mwaloni watatoka kwanza. Au atajaza watoto 60 katika chumba cha watoto 30, na hapo kikohozi cha mmoja kitakuwa cha wote. Tunayaona yote mawili kliniki, yanaingia mlangoni kama magonjwa.

Serikali iko wapi katika hesabu hii? Ipo, lakini iko upande wa masharti. Tulikuwa na sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana ya mwaka 1981, na baadaye ikaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Anayetaka kufungua kituo lazima asajiliwe kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, akianzia kwa afisa ustawi wa halmashauri yake. Atakaguliwa eneo, maji, vyoo na walezi. Mimi nayaunga mkono masharti hayo kwa mikono miwili, kwa kuwa nimeviona vituo ambavyo choo chake ni shimo lisilo na mfuniko na kisima kiko hatua chache kutoka mahali watoto wanapochezea. Lakini masharti yote yana bei, na bei hiyo humwangukia mwenye kituo, naye huiweka juu ya mzazi. Matokeo yake ni kwamba kituo kilichosajiliwa ni cha mtoto wa mwenye duka. Mtoto wa mponda mawe, ambaye ndiye hasa sheria ilimtaka alindwe, anabaki kwa jirani asiyesajiliwa mahali popote.

Mtu anaweza kuniambia kuwa Serikali inatoa fedha nyingi kwa watoto. Ni kweli, na si haki kuficha. Chanjo ni bure. Mtoto aliye chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya Serikali, ingawa dawa zikiisha mzazi hununua. Ada ya shule za Serikali iliondolewa kwa waraka wa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 hata darasa la awali likawa bila ada. TASAF nayo, kupitia mpango wa kunusuru kaya maskini, huzipa kaya ruzuku na kuzitaka zipeleke watoto kliniki na shuleni. Yote hayo ni mema. Lakini angalieni umri. Fedha ya umma inamshika mtoto mkono tangu tumboni mpaka miezi 18, inamwachia, kisha inamshika tena anapoingia awali. Katikati anatembea peke yake. Na kaya za TASAF huorodheshwa kijijini, mbele ya mkutano wa kijiji. Mama aliyefika kwenye machimbo miezi mitatu iliyopita ni vigumu awemo kwenye daftari hilo.

Hata hilo jambo jema la awali bila ada liliwapiga wenye vituo kwa namna ambayo wengi hawakuitazamia. Kabla ya 2016 chekechea ya mtaani, au shule ya vidudu kama tulivyokuwa tukiiita, ilikuwa na watoto wa miaka mitatu mpaka sita pamoja. Wale wakubwa ni rahisi kuwatunza: wanakula wenyewe, wanakwenda chooni wenyewe, mlezi mmoja anawamudu wengi. Ada yao ndiyo iliyosaidia kuwatunza wadogo. Walipohamia shule za Serikali, mwenye kituo alibaki na wa miaka miwili na mitatu, wanaotaka kubebwa, kulishwa kwa kijiko na kubadilishwa nguo. Gharama ilipanda na mapato yakashuka. Na huko shuleni, ambako kanuni ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, kila mwenye mtoto anajua hali ilivyo. Wengine huwapeleka hata wa miaka mitatu wakiwa na kaka zao, wakajibanze nyuma ya darasa, kwa sababu angalau hapo kuna ukuta na kuna mtu mzima. Siwalaumu.

Nirudi kwenye vumbi na zebaki, maana hapa ndipo roho inaponiuma. Mahali wanapochenjua dhahabu, zebaki huchanganywa na mchanga uliosagwa ili ikusanye dhahabu, kisha huchomwa motoni. Moshi wake hauna rangi kali wala harufu ya kumtahadharisha mtu, lakini unaingia mapafuni na kufika kwenye damu na ubongo. Mtoto mdogo huumia zaidi kuliko mtu mzima, kwa kuwa ubongo wake bado unajengwa. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, Geita na Kahama zikiwamo, likaeleza jinsi watoto wanavyoishika zebaki na kuvuta moshi wake. Watu wengi walipoisikia ripoti ile waliwafikiria wavulana wa miaka 13 wanaoingia mashimoni. Wachache waliwafikiria wa miaka miwili wanaolala kwenye kanga mita chache kutoka kikaangoni. Hawa hawakuja kufanya kazi. Walikuja kwa sababu mama hakuwa na pa kuwaacha. Kwao, chekechea ni kinga ya ugonjwa kama kilivyo chandarua.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Katika miaka ya vijiji vya ujamaa, vijiji vingi vilikuwa na kituo cha kulelea watoto wakati mama zao wakiwa shambani. Na mwaka 1983 mkoani Iringa ulianza mpango wa lishe wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za serikali ya Italia, katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini kwao kila baada ya miezi mitatu, matokeo yakasomwa mbele ya kijiji, na vikawekwa vituo vya kuwalishia watoto mchana. Baada ya miaka michache watoto wenye utapiamlo mkali walipungua kutoka karibu sita katika kila mia hadi kama wawili.

Hadithi hiyo ina upande wa pili ambao hausimuliwi mara nyingi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 nchini wamedumaa, na mkoa ulioongoza kwa udumavu ni Iringa ileile, zaidi ya nusu ya watoto. Iringa haina njaa, ni ghala la mahindi. Wanaoifahamu husema tatizo mojawapo ni kwamba mama yuko shambani tangu alfajiri na mtoto yuko na mtoto mwenzake. Chakula kimo ndani ya nyumba na hakuna wa kukipika mara tano. Mradi wenye mfadhili una mwisho wake, lakini watoto wa miaka mitatu hawaishi, kila mwaka wanakuja wapya.

Basi fedha itoke wapi? Mimi si mtaalamu wa bajeti, ila nimejifunza mambo mawili ambayo kila mwanaparokia angefaa kuyajua.

La kwanza ni shilingi 1,000. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe mbele ya Makamu wa Rais wa wakati huo, Mama Samia Suluhu Hassan, na mwaka 2022, akiwa Rais, ulitiwa saini mwingine. Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kutoka mapato yake ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Ukiigawa kwa siku za mwaka haifiki shilingi tatu kwa siku, na mtu anaweza kucheka. Lakini halmashauri yenye watoto 50,000 ingekuwa na shilingi milioni 50. Na mara nyingi kutenga si kutoa: fungu limo kwenye kitabu, mwaka unakwisha, limetoka nusu, na nusu hiyo imekwenda kwenye semina na mafuta ya gari. Sisemi semina ni mbaya. Nasema mtoto hali semina.

La pili ni dhahabu yenyewe. Kampuni za migodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma, na tangu sheria ya madini ilipobadilishwa mwaka 2017 kila mwaka hupaswa kuandaa mpango wa kusaidia jamii na kukubaliana na halmashauri. Wilaya zenye migodi mikubwa, kama Geita na kule Bulyanhulu, zimejengewa madarasa na zahanati kwa njia hiyo. Majengo yanapendeza, na hupigwa picha siku ya kufunguliwa. Uji haupigwi picha. Sijui kwa nini mpango wa jamii wa mgodi usiweze kumlipa mlezi na kununua unga wa lishe kwa kituo kilicho jirani na mialo, ambako dhahabu ya nchi hii inapondwa kwa nyundo za akina mama.

Yapo maneno kwamba akina mama waunde kikundi na kukopa ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata. Kwa kufuga kuku au kushona nguo ni sawa, mkopo hauna riba. Lakini mkopo unarudishwa, na uji ukishanyweka haurudi. Kituo kinachopokea watoto wa maskini hakiwezi kuzaa faida ya kulipa deni, isipokuwa kiwaache maskini hao.

Ninachokiomba ni kidogo. Halmashauri iwahesabu watoto walio katika vituo, vikiwamo vya parokia, vya misikiti na vya watu binafsi, na ivipe unga wa lishe kwa idadi ya watoto wanaohudhuria. Isaidie posho ya mlezi mmoja katika kila kituo kilicho karibu na machimbo. Kituo ambacho hakijatimiza masharti yote kipewe muda na msaada wa kuchimba choo, kuliko kufungwa na watoto kurudishwa mwaloni. Nasi wauguzi twende hukohuko vituoni na mizani kila mwezi, tusiwasubiri akina mama ambao hawana nafasi ya kuja.

Nasikia mtu akisema tutaletewa watoto hewa. Inawezekana, tumeshayaona hayo mahali pengine. Lakini mtoto wa chekechea ni rahisi kuhesabiwa kuliko mfuko wa saruji. Atoe unga mwezi huu, mwezi ujao aje na mizani: watoto waliokula wataonekana kwenye kadi.

Wapo pia wanaosema malezi ni kazi ya wazazi, Serikali isiingizwe nyumbani kwa watu. Kwa hilo nina neno kwa akina baba. Duara likitoa, wengine wenu mnanunua bia kabla ya unga, na hakuna ruzuku ya kutibu ugonjwa huo. Lakini mama anayeponda mawe hajakimbia malezi, kuponda mawe ndiko kunakomlisha mtoto. Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, waliandika wazi kuwa elimu ya awali na vituo vya kutunzia watoto ni kazi ya kaunti. Haina maana kwamba kila kaunti inaifanya vizuri, ila mzazi wa kule anajua mlango wa kugonga. India tangu mwaka 1975 wana vituo vya vijijini ambako watoto wadogo hupimwa na kulishwa, na mlezi hulipwa posho na serikali. Hapa kwetu kuna Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa mpango wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Inasema vizuri juu ya afya, lishe, malezi yenye mwitikio, kujifunza mapema na ulinzi, kwa watoto mpaka miaka minane. Maneno hayo nayakubali yote, na nayasubiri yafike katika bajeti ya halmashauri.

Wakati tukisubiri, wazazi, usimpeleke mtoto mahali zebaki inapochomwa, hata kwa saa moja. Usiichome jikoni wala kwenye chombo cha kupikia. Ukitoka mwaloni oga na ubadili nguo kabla ya kumnyonyesha au kumbeba. Wanawake watatu au wanne mnaofanya kazi pamoja mnaweza kupeana zamu, mmoja akabaki na watoto na wengine wakamgawia sehemu ya siku yao. Matobolwa, michembe iliyopikwa na karanga za kusaga ni chakula kizuri cha saa nne ambacho hata bibi mzee anaweza kumpa mtoto bila kuwasha moto. Na usiiweke kadi chini ya godoro baada ya miezi 18. Mtoto apimwe mpaka atimize miaka mitano, na Juni na Desemba apate matone yake ya vitamini A.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu, na hapo husomwa mapato na matumizi. Siku ya Afya na Lishe ya kijiji nayo ni kila miezi mitatu. Safari ijayo mama mmoja asimame aulize: shilingi 1,000 za mtoto wangu wa mwaka huu zimetoka, na zimenunua nini? Mwenyekiti asipokuwa na jibu, liandikwe kwenye muhtasari kwamba liliulizwa, na lipelekwe kwa diwani kabla bajeti ya Julai haijapitishwa.